Soda ya Simu Isiyonunuliwa

Simu ile ilipofika Dunga, hakuna aliyejisumbua na jina lililoandikwa kwenye boksi lake. Kwa vile ilikuwa na kamera tatu mgongoni, watu waliiita Macho Tatu, na haikuchukua muda jina hilo likawa mdomoni mwa ufuo mzima, hadi wazee wanaoziba mitumbwi. Wa kwanza kuwa nayo alikuwa Zeituni, yule anayepika chai na mandazi pale wanawake wanapongojea mashua za omena, wale dagaa wa ziwani, zirudi asubuhi. Siku aliyoileta, wenzake walimwambia hiyo lazima ioshwe. Kuosha kitu kipya si kazi ya maji. Mwenye kitu huwanunulia wenzake soda, nao hunywa huku wakikisifu kitu na mwenyewe, basi kinahesabiwa kimeingia nyumbani vizuri. Zeituni akaosha. Baada yake wakaosha wengine, leo huyu, kesho yule, mpaka benchi la Zeituni likawa limejaa vichwa vilivyoinama.

Nasipwondi hakuwa mtu wa benchi. Hakuna aliyemkataza, ila yeye alizoea kusimama karibu na omena wake. Alikuwa ametoka upande wa Bungoma baada ya kumaliza darasa la nane, akapokewa na binamu yake mtaani Obunga, na tangu hapo kazi yake ilikuwa moja: kununua omena wabichi kwa karai, kuwatandaza juu ya nyavu kuukuu chini kwenye mchanga, na kukaa macho. Ndege wa Dunga hawana adabu, na mvua ya ziwa haipigi hodi. Wengine walishangaa jinsi alivyokuwa akiinuka na kukunja nyavu zake wakati jua bado linawaka, na kabla hawajamaliza kumcheka, matone yanaanza.

Simu ilimpata kwa njia ya ajabu. Asubuhi moja Zeituni alimpiga picha kwa mbali bila kumwambia, kisha akamwita aje aone. Nasipwondi akaona mikono yake mwenyewe ikimwaga omena kutoka kwenye karai, na kila samaki ameonekana peke yake hewani, anang'aa kama sindano. Miaka yote aliyofanya kazi ile hakuwahi kuiona kutoka nje. Akamwomba Zeituni amwonyeshe tena, na tena, mpaka Zeituni akacheka na kumwambia, nyar Bungoma, binti wa Bungoma, si ununue yako.

Tangu siku hiyo simu ilimkaa rohoni. Alikuwa na kile kikabambe chake, simu ndogo ya vitufe, ambacho namba nne ilishang'oka, akitaka kuibonyeza anatumia njiti ya kiberiti. Kilimtosha siku zote, lakini sasa alikitoa akiwa amekifunika kwa kiganja.

Kitu kingine alichokitaka, na alikitaka zamani kabla ya simu kuzaliwa, kilikuwa vichanja vya Mama Ajwang. Vilikuwa vinne, meza ndefu za mbao zilizotandikwa wavu juu, na omena aliyekauka pale alikuwa msafi, hana chembe ya mchanga. Omena wa chini, hata umpepete vipi, mlaji atausikia mchanga kwenye meno. Ndiyo maana watu wa maduka ya mjini walikuja moja kwa moja kwa Mama Ajwang, na wengine walichukua mzigo kwa neno lake tu. Sasa mama huyo alikuwa amechoka na magoti. Alitaka kurudi kwao Pap Onditi akalime, na alitaka pesa ya kulimisha shamba kabla mvua haijakaza. Alikuwa amemwita Nasipwondi kando na kumwambia kwamba vichanja na wateja wake atamwachia yeye, kwa sababu ana macho na hana maneno mengi. Alete pesa tu zamu yake ya kupokea mchango wa chama ikifika.

Zamu ilifika Jumamosi. Pesa ziliingia kwenye kikabambe, na Nasipwondi akasoma ujumbe ule akiwa amesimama, kisha akausoma tena akiwa ameketi. Zilitosha vichanja. Zilitosha pia Macho Tatu. Kwa vyote viwili hazingetosha hata kwa miujiza.

Kwa kuwa Mama Ajwang alikuwa amekwenda kanisani kwenye mazoezi ya kwaya na hangerudi mpaka jioni, Nasipwondi aliingia mjini kumpelekea mteja wake wa soko la Jubilee gunia la omena. Alipotoka hapo, alipita duka la simu ambalo spika yake iliimba mpaka barabarani. Kijana aliyesimama mlangoni alikuwa Mujahid, mdogo wake Zeituni, na alimjua.

"Sista, kuja ushike tu," akamwambia. "Kushika ni bure."

Akashika. Ilikuwa nyembamba kuliko alivyofikiria, na baridi. Mujahid alimwonyesha jinsi kamera inavyovuta kitu cha mbali, akaielekeza ng'ambo ya barabara, na Nasipwondi akasoma bei ya ndizi kwenye kibao cha muuzaji ambaye hata hakuwa anamwona kwa macho yake. Alielezwa habari ya kulipa kidogo sasa na kingine kila siku, na kwamba zilizobaki dukani ni chache na wiki ijayo bei itapanda. Kisha Mujahid akampa boksi ashike kifuani, akasema acheke kidogo, akampiga picha. Nasipwondi akacheka. Hakuuliza picha ni ya nini.

Alikuwa na desturi moja aliyojifundisha mwenyewe. Mnunuzi akimbana na bei ya haraka haraka, humwambia, ngoja nizunguke, anakwenda mpaka bombani na kurudi, na bei ikiwa bado inapendeza, anauza. Kwa hiyo alimrudishia Mujahid simu na boksi lake, akamwambia, ngoja nizunguke. Akazunguka soko lote la Jubilee. Akapita kwa wauza nyanya, akapita kwa mafundi wa viatu, akatokea upande wa mitumba. Kwa kawaida akimaliza kuzunguka, kitu kimeshapoa. Simu haikupoa. Ilikuwa bado inapendeza, pengine zaidi. Alisimama kwenye kona ambapo spika ilisikika, na huko akakubali jambo ambalo halikumfurahisha, kwamba akingoja hamu iishe ndipo aende, hataenda. Basi akaenda na hamu yake vilevile. Akavuka barabara, akapitia upande wa pili, akateremka kuelekea Dunga kwa miguu, boksi bado analisikia kifuani.

Mpaka hapo mtu angesema ameshinda. Kumbe picha ilimtangulia. Mujahid alikuwa ameiweka kwenye status yake na maneno kwamba Dunga inaendelea kuamka, na Zeituni aliiona kabla Nasipwondi hajafika njia panda. Alipotokea ufuoni, wanawake walimlaki kwa vigelegele. Walimvuta kwenye benchi, wakasogeana, akapata nafasi katikati kabisa. Zeituni alimshika bega na kuwaambia wenzake kwamba wao walidhani huyu mtoto ni wa kimya, kumbe anapanga mambo yake chini kwa chini.

Nasipwondi alifungua mdomo kusema sikununua. Lakini mmoja aliuliza simu yenyewe iko wapi, na mwingine, kabla hajajibiwa, akajibu mwenyewe kwamba si lazima imeachwa dukani iwekwe vitu ndani. Wote wakamgeukia. Nasipwondi akatikisa kichwa kukubali. Alitikisa kichwa tu, na kilichobaki kikaenda chenyewe.

Wakasema lazima ioshwe. Alinunua soda kwa pesa ya gunia la Jubilee, kreti nzima, na wakanywa wakimsifu, uvumilivu wake, mikono yake, hata urefu wa shingo yake ambao hakuna aliyewahi kuutaja. Mama Ajwang, aliyekuwa ametoka kanisani, alipewa chupa moja. Akainywa polepole akiwa amesimama, akashukuru, akaenda. Nasipwondi alimwona, na kitu kikamchoma kidogo. Lakini jua la jioni lilikuwa zuri, na watu wote walikuwa wanamwangalia yeye.

Kesho yake Jumapili alikwenda kwa Mama Ajwang na kikabambe mfukoni. Akamkuta Becky pale. Becky alikuwa mwanamke wa hapo hapo ufuoni, mchapakazi, naye aliwahi kuomba vichanja hivyo akaambiwa vina mtu. Alikuwa akipima miguu ya kichanja cha mwisho kwa hatua, akikitikisa kuona kama kimelegea. Mama Ajwang alieleza bila kugombana. Alisema vijana wana macho, na simu si dhambi. Lakini yeye anaondoka, shamba halingoji, na baada ya kunywa ile soda alimwita Becky akampa neno.

Nasipwondi akamwambia hakununua simu.

Mama Ajwang aligeuka akamtazama. "Nyathina, mwanangu," akasema, "jana nimekunywa soda yako. Nilikuwa nakunywa soda ya simu gani?"

Nasipwondi akatoa kikabambe, akamwonyesha ujumbe wa pesa. Zote zilikuwamo. Mama Ajwang aliusoma akiwa ameweka kikabambe mbali na macho, akamrudishia. Akasema pesa ameziona, na pesa hazikuwa shida yake. Watu wa mjini huchukua mzigo wake kwa neno tu. Akiwaambia huu ni mkavu, hawafungui gunia. Sasa atawaambia waamini neno la nani? La yule aliyewanywesha watu soda, au la huyu anayesema hakuna simu?

"Nitawaambia wote," Nasipwondi akasema.

"Si mimi wa kuambiwa kwamba utawaambia."

Becky alikuwa ameacha kupima. Aliangalia chini, akikwangua magamba yaliyokaukia kwenye mbao kwa ukucha. Alikuwa amepewa neno, na halikuwa kosa lake.

Jumatatu mashua zilichelewa kwa sababu ya magugu maji yaliyoziba njia, na benchi likajaa mapema. Nasipwondi alingoja Zeituni amalize kumimina chai. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima kutoka Obunga, mazuri, yenye mwanzo na mwisho, lakini aliposimama mbele yao yakamponyoka. Akasema tu kwamba simu hakununua. Alishika, akapigwa picha, akairudisha. Soda walizokunywa hazikuwa za kitu chochote.

Kikombe kimoja kikawekwa chini.

"Kwa hivyo tuliosha nini?" Zeituni akauliza. "Tuliosha upepo?"

Benchi likaangua kicheko. Mmoja akasema basi ndiyo maana soda ile ilikuwa na gesi nyingi. Mwingine akataka kujua upepo huo una kamera ngapi, na kama unashika mtandao mpaka Bungoma. Walicheka mpaka wakafutana machozi, na Nasipwondi akasimama pale pale akacheka mahali palipostahili na kunyamaza palipobaki. Ni Zeituni peke yake ambaye hakumaliza kicheko chake. Alimwuliza kwa sauti ya chini kwa nini hakusema pale pale siku ile, maana yeye Zeituni alimtangaza mpaka kwa shemeji zake.

"Mlikuwa mmenikalisha katikati," Nasipwondi akasema.

Zeituni alirudi kwenye sufuria yake. Baada ya muda akamletea chai, akaiweka mbele yake, na sukari ilikuwa kidogo kuliko siku zote.

Mama Ajwang alikuwa amesikia yote akiwa ameegemea mtumbwi. Aliwaita Nasipwondi na Becky pamoja. Alisema ametoa neno mara mbili kwa vichanja vinne, na yeye hawezi kwenda Pap Onditi akiwa ameacha mmoja wao na neno bovu la Ajwang. Kwa hiyo kila mmoja atachukua viwili na kulipia viwili. Wateja wa mjini atawaambia waje kwa wote, wachague wenyewe. Becky alishukuru haraka, kama mtu anayejua amepata kitu ambacho hakikuwa chake kwa hakika. Nasipwondi naye akashukuru, lakini sauti yake ilichelewa kidogo. Viwili vile vingine vilikuwa vyake tangu kiangazi. Alivitoa mwenyewe, Jumamosi, kwa kutikisa kichwa.

"Umenielewa?" Mama Ajwang akamwuliza.

"Nimekuelewa, Mama."

Mashua ziliingia jua likiwa limepanda. Nasipwondi alinunua karai zake kama kawaida, akapeleka kwenye vichanja viwili vya kushoto, akatandaza kwa kiganja kilichofunguka mpaka wavu ukajaa pembe kwa pembe. Omena wakabaki. Akatafuta nafasi, hakuna. Kule upande wa pili Becky alikuwa anajaza vyake. Basi Nasipwondi akachukua nyavu zake kuukuu, akazikung'uta, akazitandika chini kwenye mchanga kama zamani, akamwaga waliobaki. Kisha akasimama katikati, walio juu mkono huu na walio chini mkono ule, akainua macho kutazama mawingu ya upande wa Homa Bay.