Mbuzi wa Wifi

Wifi yangu alikuwa na mguu mmoja mfupi na ulimi mrefu. Tulifanya kazi studio moja ya katuni, ile ambayo wajukuu wangu wanaijua kuliko wanavyonijua mimi. Yeye alichora kwa penseli kwenye karatasi; michoro ikishanakiliwa kwenye plastiki nyembamba, mimi niliipaka rangi. Picha zikishapigwa, plastiki zinaoshwa kwa sabuni zitumike tena. Kazi yangu yote iliishia kwenye beseni.

Katika sinema ya kwanza, wifi alimchora mbuzi jike mzee. Bosi akasema sinema imerefuka, mbuzi akakatwa kabla hajafika kwangu kupakwa rangi.

"Nilikuchora wewe," wifi akaniambia.

"Mbuzi ni mama yako."

"Mama yangu ndiye mama mkwe wako. Nimwite umwambie mwenyewe?" Akacheka. "Karatasi zipo stoo. Nenda ukajione unavyotembea."

"Siendi."

Tulistaafu, kaka yake, yaani mume wangu, akatangulia mbele ya haki, sisi bado tunamgombania mbuzi. Mwaka jana, wifi akiwa hawezi tena kuinuka kitandani, aliniuliza, "Ulikwenda?" Nikamwambia apone kwanza, twende wote. Nilidhani nimempa sababu ya kupona. Hakupona.

Juzi studio ikatuita wafanyakazi wa zamani, wachache tuliobaki, tukaone kumbukumbu zao. Nilikwenda kwa ajili ya mbuzi tu. Stoo siku hizi ina kiyoyozi na mlango wa chuma. Mtunzaji, mama wa makamo, akanipa glavu nyeupe.

"Vaa, Bibi."

"Mwanangu, nimekuja kuangalia au kuzalisha?"

Akacheka, akaleta boksi. Karatasi zimegeuka rangi ya chai. Nikaitazama ya kwanza: ndevu, mgongo, makalio. Nikasema moyoni, huyu si mimi hata kwa kusingiziwa.

"Tumtembeze?" mtunzaji akauliza. Akalishika bunda kwa juu, akaziachia karatasi kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine.

Mbuzi akatembea. Kiuno huku, kiuno kule, pua juu kama mke wa diwani. Mtunzaji akamtazama mbuzi, akanitazama mimi, akameza kicheko.

"Cheka tu. Wifi alishacheka."

Kisha mbuzi akasimama. Akageuza shingo akatutazama, akapiga kwato chini kwa kukosa subira, akangoja. Akangoja mpaka bunda likaisha.

"Anamngoja nani?" mtunzaji akauliza. "Tumetafuta mchoro wa mwenzake, haupo."

Kila jioni tulitoka kazini pamoja. Mimi natangulia, maana kwenda polepole sikujaliwa, halafu nasimama kwenye kona nikimngoja afike na mguu wake, huku namsema. Miaka yote nilidhani amenichora ili anicheke.

"Anamngoja wifi yake."

"Mbona hakumchora?"

"Angejichoraje? Yeye ndiye aliyekuwa nyuma, anaangalia."

Mtunzaji akazipanga karatasi sawa. Nikamwomba arudie. Mbuzi akaenda na kiuno chake, akasimama, akageuka, akapiga kwato.

"Ni mimi," nikasema.

"Naona, Bibi," mtunzaji akanijibu kwa upole.

Lakini si yeye niliyekuwa namwambia.