Springi Ndefu

Babu Maneno, dereva mstaafu, alikuwa na hadithi nyingi kuliko spana. Alipoinua gari lake la porini kwa jeki pale uani, alimwambia mkewe kwamba springi kuukuu zililegea siku kiboko alipopitiwa na usingizi juu ya boneti.

"Kiboko gani, wewe mzee? Zimechoka, kama sisi," alijibu mkewe, mkono kiunoni. Safari ya mwisho gari lile lilimtesa mgongo, akaapa halipandi tena. Sasa binti yao kajifungua, na mkwe anakuja na kigari chake kumchukua bibi akamwone mjukuu.

Hilo ndilo lililomkereketa Babu Maneno. Mkewe aendeshwe na mwingine, naye yupo hai?

Dukani alionyeshwa springi za kawaida. Akazibeua. Akachagua ndefu, nene, za kubebea shehena.

Akaegemeza chesisi kwenye stendi, akafungua boliti za shokapu, akashusha ekseli polepole. Springi ya zamani ikadondoka yenyewe, fupi, imeliwa na kutu. Mpya ikagoma kuingia. Aliisukuma kwa mtaimbo, akaitukana, akaibembeleza, na ilipokubali kukaa ilikuwa imemchuna vidole. Ya pili nayo vilevile.

Gari liliposhushwa, likasimama juu kama ngamia aliyenuna.

"Mama, panda! Leo utasinzia mpaka kwa mwanao."

Mkewe, keshavaa nguo za safari, akainua mguu. Haukufika. Akaletewa kigoda, akakanyaga, akashika mlango, akajikakamua. Nyonga ikakataa. Babu Maneno akamsukuma kwa nyuma.

"Niache! Mimi gunia?" Alishuka akihema, kilemba kimekaa upande. "Umelipima gari, baba. Mimi hukunipima."

Honi ikalia nje. Mkwe akafungua mlango wa kigari chake, na yule mama akaketi tu, kama anayeketi kitandani.

"Baba, nyuma kuna nafasi," alisema mkwe.

"Nyuma wakae kuku! Tangulieni."

Akawafuata. Springi za shehena, gari tupu: kila shimo lilimrusha mpaka kichwa kikagonga paa. Hadithi ya kiboko ilimjia mdomoni, akaimeza. Kule mbele, kupitia kioo cha nyuma cha kigari, aliona kilemba cha mkewe kimeegemea kiti, kimetulia. Alikuwa amelala.