Nusu Saa ya Magoti

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1998, mjukuu wangu akiwa na umri wa miaka sita. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza tangu uchangani, nami, niliyefundisha kusoma kwa miaka thelathini na minne, niliuona huo kuwa uvivu wa ulimi. Alasiri moja nilimwamuru asome ukurasa mzima kwa sauti. Akanong'ona. Nikampigisha magoti sakafuni kuanzia saa kumi kamili hadi saa kumi na nusu. Aliposhika ukingo wa meza, nikamwondoa mkono. Vinundu vya magotini mwake nilidhani ni alama za kuanguka.

Wiki tatu baadaye, binti yangu alinichukua twende hospitalini kusikia majibu ya kipimo cha kipande cha ngozi kilichokatwa kwa mtoto.

"Kuna mafuta yanaitwa seramidi," alisema daktari. "Sote tunayo. Yanaimarisha utando wa seli, na seli ikichakaa, huiamuru ife. Yakishamaliza kazi, kimeng'enya huyavunja. Mtoto huyu hana kimeng'enya hicho cha kutosha. Mafuta yanarundikana kwenye viungo, kwenye koo."

"Kwenye koo," nilisema.

"Ndiyo, mama. Hata angetaka, asingeweza kupaza sauti."

"Na magoti?"

"Yanamuuma hata akiwa amelala."

"Dawa yake ni ipi?" aliuliza binti yangu, bila kunitazama.

"Ya kutuliza maumivu tu. Akitimiza miaka saba, tushukuru."

Tuliporudi, mtoto alikuwa kwenye godoro sebuleni, shangazi yake akimpepea. Niliitungua saa ukutani, nikamwekea mapajani.

"Nina deni lako, mjukuu wangu."

"Deni gani, bibi?"

"Nusu saa."

Mshale mrefu ulipofika kwenye kumi na mbili, nikapiga magoti kwenye saruji.

"Mama, inuka, una miaka sabini," alisema binti yangu.

"Niache."

Muda si mrefu magoti yaliwaka moto. Nikanyoosha mkono.

"Bibi, usishike meza," mtoto alinong'ona. "Mimi ulinikataza."

Nikauondoa.

"Zimebaki dakika tano. Nikusamehe hizo?"

"Hapana. Zihesabu zote."

Akazihesabu kwa sauti yake ile ile, nami nikainama karibu na kinywa chake ili nisikie, mpaka mshale mrefu ukatua kwenye sita.