Swali la Saba la Sabuni Mbayuwayu

...tena cherehani si sindano, haimdondoki mtu njiani ikaokotwa na mpita njia, cherehani ina miguu ya chuma na gurudumu na kikanyagio, hubebwa na wanaume wawili wanaotukanana, sasa watu gani hao wa sabuni wa kumpa kitu kama hicho mwanamke anayefua ovaroli za madereva wa karanga, wasimdai hata senti, wamdai maneno tu, majibu saba... "Mama Rabia!" Karani Dastani alikuwa ameinua kalamu, tone la wino limekaa kwenye ncha likisubiri kama mkwe mlangoni, "nimekuuliza swali la saba, wewe unahesabu mabati. Mjomba wa watoto wako ni nani?" na Mwamina, juu ya sanduku la chai barazani pa posta ya Nachingwea, watu sita nyuma yake kwenye foleni, akasema, "Ngoja kidogo, Bwana Karani, nakumbuka," kana kwamba mtu aweza kumsahau kaka yake wa tumbo moja, Kaimu, mwenye sauti ya kufukuza nguruwe shambani bila debe. "Anakumbuka!" alisema dereva Kipriani aliyemfuata kwenye foleni, "jamani, mjomba anakumbukwa? Mjomba hata umsahau, yeye hakusahau siku ya mahari!" na foleni ikacheka, naye Mwamina akacheka nayo, maana asiyecheka na foleni huulizwa ana nini... ana barua, ndicho alicho nacho, barua iliyopigwa taipu, inayosema Sabuni Mbayuwayu inampongeza Mwamina binti Jumaa kwa kushinda cherehani mpya, na ili aletewe hadi mlangoni ajibu maswali yafuatayo kwa ukweli mtupu, arudishe kwa sanduku la posta la Lindi. Ukweli mtupu. Na karatasi za sabuni alitia kweli, tatu, kwenye kisanduku cha dukani, mwenye duka mwenyewe ndiye aliyemwandikia jina, akamuuliza, jina nani, mama, na yeye ambaye kwa miaka mitatu hapa mjini, kambini kwa watu wa karanga, ni Mama Rabia tu, Mama Rabia mfuaji, akasikia mdomo unasema Mwamina binti Jumaa, kwa sababu alifikiri bahati ikija na jina la kambini itapotea njia, bahati nayo ni mgeni, huuliza nyumba kwa jina la mwenyewe... na Jumamosi iliyopita mtu wa posta akalitoa jina hilo dirishani kwa sauti ya mwadhini, Mwamina binti Jumaa, Mwamina binti Jumaa, na kabla kichwa hakijakumbuka kwamba kimejificha miguu ilikwishafika dirishani. "Mimi barua za uongo nazijua," Dastani alikuwa akiieleza foleni, maana Dastani alisoma misheni ya Mnero na hawezi kuwa na siri ya mtu bila kuifundisha darasa, "barua ya uongo huomba hela. Tuma shilingi tano upate saa ya dhahabu. Hii imeomba hela? Haikuomba. Basi ni ya kweli." Ni hoja hiyo, ni hoja ya msomi, lakini mtego wa panya nao hauombi hela, mtego hutoa dagaa... na visanduku vile vya sabuni viliwekwa kila duka, toka Lindi mpaka Ruangwa, na Kaimu hunywa chai Ruangwa kila siku ya gulio, na Kaimu anajua, nani asiyejua pale kijijini kwao Nandagala, kwamba Mwamina tangu msichana akipita kwa fundi hawezi kupita, husimama aone sindano inavyopanda na kushuka mpaka fundi amuulize kama anataka kushonwa yeye. Kwa hiyo maswali matatu ya kwanza aliyajibu, jina, baba, kijiji ulikozaliwa, kwa kuwa aliyeiandika barua, awe sabuni au awe Kaimu, hayo anayajua, na yaliyofuata, unakaa kambi gani, nyumba ya nani, watoto wangapi na umri wao, alisema ruka, Bwana Karani, tutarudi, na Dastani akaruka kwa uchungu, kama mtu anayeruka sahani ya wali. "Haya, nasubiri." Na asubiri... Rabia saa hizi yuko kisimani, au ameshaanika, ana miaka kumi na sita sasa, anajua kusoma, angeisoma hii barua mwenyewe, lakini angeisoma angerukaruka, mama tumepata cherehani, na kambi nzima ingejua, na alikuwa na miaka kumi na mitatu siku ile anatoka unyago, mafuta yanang'aa mabegani, ngoma bado hazijapoa, Kaimu akasimama katikati ya watu amevaa koti, koti la sufu, jua la Novemba, jasho likimtiririka mpaka kidevuni, na hakuna aliyeuliza koti limetoka wapi kwa sababu mzee Ausi alikuwa amekaa pale pale bila koti, ana wake watatu na meno manne, anatabasamu kwa yote manne. Mjomba ameamua, Rabia ni wa Ausi, ndivyo alivyosema Kaimu, na basi, kwao mjomba akiamua mama huangalia chini, baba akiwepo huangalia kando, na kwa Rabia baba hakuwepo, alikwenda mkongeni akawa habari. Mwamina akaangalia chini siku tatu. Siku ya nne, adhuhuri, watu wote mashambani, alijitwika mtungi kama anayekwenda kuteka, Rabia nyuma yake na kata mkononi, wakapita kisima, wakasalimiwa, mnakwenda wapi na kisima hiki hapa, akajibu maji ya huku yana tope leo, wakatembea na mtungi mtupu mpaka Nachingwea, siku mbili, kwa kuwa aliwahi kusikia huku Wazungu wameleta matrekta yaliyokuwa vifaru vya vita ili yalime karanga, na penye wazimu wa kiasi hicho, alifikiri, mwanamke na binti hawataonekana. Na kweli hawakuonekana. Vifaru vikachoka, udongo ukakauka ukawa sakafu, karanga zikagoma, lakini ovaroli hazikuacha kuchafuka... "Labda wanataka mrithi," alisema Dastani, "ukifa wajue cherehani ni ya nani." "Akifa?" Kipriani akadakia, "Bwana Dastani, nyie Wamakua hata zawadi mnaianzia kaburini! Mama, mpe jina lolote, mpe langu, mimi niwe mjomba, nije kula mahari!" "Wewe Mmakonde funga domo, mwandiko unataka utulivu." ...mrithi, sawa, lakini watu wa sabuni ni Wazungu, au Wahindi, na Mzungu akitaka kukujua huuliza baba, kwa jumbe kwenye kodi huuliza baba, zahanati Mnero masista waliuliza baba wa mtoto nani, akasema alikwenda mkongeni, lakini mjomba wake yupo, ndiye aliyemleta, na yule sista akatikisa kichwa kwa huruma akaandika mstari mtupu, mjomba kwake si kitu, mjomba ni mtu wa kuleta machungwa. Hakuna Mzungu chini ya jua aliyewahi kuuliza mjomba wa watoto. Anayeuliza hivyo ni mtu wa kwetu, ni swali la njiani, la kwanza kabisa ukikutana na mgeni, wewe mjomba wako nani, ndipo ujue kama umpe maji au umpe kiti... Basi ni yeye. Hapakuwa na kishindo, palikuwa kama mtu aliyesikia kikohozi nyuma ya mlango akakitambua. Ni Kaimu, asiyejua kusoma, amekwenda na jogoo kwapani kwa karani fulani wa gulioni mwenye taipu, na barua ikabebwa na lori hadi Lindi, nakala moja kwa kila posta yenye kambi, na wamekaa wawili wakitunga, yule karani mjanja, kambi gani, nyumba ya nani, umri wa watoto, akasema inatosha, mzee, sita yanatosha, na Kaimu akasema ongeza moja. La nini, mzee? Ongeza. Kwa sababu hakuweza, mtu mkubwa vile, kutega mtego bila kutia jina lake ndani, alitaka aulizwe yeye, alitaka dada yake aketi mahali na kalamu na aseme Kaimu... na hapo Mwamina alitaka kucheka na kitu kingine kikaja badala ya kicheko, kwa sababu huyo huyo ndiye aliyemchinjia Rabia kuku siku ya kumtoa nje, akamwita jina la bibi yao, akamweka begani kwenda naye Mtua kuona watu wa mbali, mtoto amemkojolea shingoni naye akatembea hivyo hivyo akiwaambia watu ni mvua. Anatafuta binti wa kulipia koti, ndiyo. Na anauliza pia, kwa taipu, kama bado ni mjomba. Yote mawili, kwenye karatasi moja, na cherehani haipo, haikuwahi kuwepo, na ajabu haikumuuma, ilikwenda kama kitu cha jirani. Kwamba aandike Kaimu? Akiandika amemrudishia yule mtoto kwa mkono wake. Aandike hana? Kusema mtoto hana mjomba ni kusema ameota kama uyoga, Rabia hakuota, Rabia amebebwa... nani aliyembeba siku zile mbili, alipovimba mguu, nani aliyekaa na makungwi, nani aliyemlipia daftari kwa ovaroli mia, nani aliyemwambia kijana wa reli aliyekuja kumtaka Rabia nenda kwanza ukanawe ndipo uniamkie, kazi za mjomba hizo, moja moja, zote, mwanamke hawi mjomba hata mtoto mchanga anajua, lakini kazi zimefanyika na mtu ni mmoja. Na Kipriani Jumamosi anaendesha lori kwenda Mtwara, barua inaweza kugongwa muhuri wa Mtwara, yale matatu yabaki yamerukwa, Kaimu akatafute Mtwara na bahari yake... "Mama Rabia, wino unakauka," alisema Dastani, kalamu ingali juu, foleni ingali sita, "mjomba wa watoto ni nani?" na Mwamina aliona kwamba lile neno amekwisha kulishika, fupi, halitazidi mstari, na asiposomewa vizuri huyo kaka yake atasomewa mara ya pili: mimi.