Alama ya Plasta

Kwa miezi minane Ibiso alikuwa akibandua plasta kwenye zulia la korido yake, na kila asubuhi alikuta nyingine. Mumewe Dagogo alizitoa kwenye kabati la dawa, zile pana nyeupe zilizobaki tangu Ibiso alipokuwa nesi. Alianzia mlango wa bafu, akielekea jikoni. Aliweka kisigino cha mguu mmoja mbele ya ncha ya mwingine, unyayo kwa unyayo, midomo ikihesabu bila sauti. Alipofika mahali alipopataka aliinama kwa shida, akabandika plasta sakafuni, akaipigapiga kwa kiganja. Kisha alirudi mlangoni pa bafu, akainama kidogo, akageuza shingo na kuikodolea macho ile plasta. Angeweza kukaa hivyo nusu saa. Ukimuuliza anafanya nini, alikutazama kama umemuuliza kwa nini anapumua.

Hilo tu lingevumilika. Lakini mara mbili Ibiso alipita pale akitokea jikoni na kikombe cha chai, na mara zote mbili mzee alichomoka mbio, kichwa chini, akaingia bafuni na kujibamiza kwenye sinki. Mara ya pili alipasuka nyusi, akashonwa nyuzi sita. Daktari alisema ugonjwa wa kusahau umeingia hatua nyingine. Boma, binti yao, alilia kwenye simu, kisha akatafuta nyumba nzuri ya kulelea wazee. Fomu zilikuwa mkobani mwa Ibiso. Jumatatu saa nne asubuhi wangempeleka.

Ndiyo maana Jumamosi ile alikubali kumpeleka kwa wenzake. Umoja wa wanariadha wa Nigeria walioishi ughaibuni ulikutana kila mwaka, mji huu na ule, na mwaka huu zamu ilikuwa ya Houston. Kwa miaka miwili Ibiso aliwaambia Dagogo ana mafua. Nkoyo Effanga, katibu wao, aliyewahi kurusha kisahani na ambaye hadi leo sauti yake haikuhitaji kipaza sauti, alimpigia simu wiki nzima.

"Mama Boma, mafua ya miaka miwili yanatibiwa wapi? Sema nije na mimi."

"Amechoka tu, dada."

"Nani hajachoka? Kona asipokuja nitakuja kumbeba mgongoni, na kiuno changu unakijua."

Kona ndilo lilikuwa jina la Dagogo kwao. Mwishoni mwa miaka ya sabini chuo kimoja cha Texas kilichukua vijana wanne kutoka Nigeria, kikawafanya timu ya kupokezana vijiti. Osaretin alianza, Rotimi akafuata, Dagogo akakimbia kona ya mwisho, na Okwudili akamalizia. Walishinda kila kilichoshindika. Ibiso alikutana na Dagogo baadaye, tayari msuli wa paja umeshachanika na viatu vimeshatundikwa. Katika miaka arobaini na mitatu ya ndoa hakuwahi kumwona akikimbia, hata kuwahi basi.

Walifika uwanja wa shule saa tatu asubuhi, kabla jua halijawa kali. Moshi wa suya, mishikaki ya kwao, ulikuwa umeshapanda, na masufuria ya wali wa jollof yalipangwa chini ya turubai. Wake kwa waume walivaa fulana za kijani za sare ya mwaka huo, na karibu kila goti lilifungwa bandeji. Walitaniana kwa sauti ya watu waliozoea kuitana kutoka ng'ambo ya uwanja. Ibiso alimshika mumewe mkono, akapiga moyo konde. Alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: waonane, wasalimiane, arudi naye nyumbani bila mtu kumcheka. Apelekwe Jumatatu akiwa na heshima yake.

Rotimi ndiye aliyewaona kwanza. Alikuja mikono wazi, tumbo likitangulia.

"Kona! Nilidhani umetoroka nchi."

Dagogo alimtazama kwa adabu. "Habari yako, kijana," alisema. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Wale waliokuwa wakicheka karibu wakanyamaza. Ibiso aliona ardhi ingefanya hisani kumpasukia. Rotimi alisimama na mikono yake hewani, akayatazama macho ya rafiki yake, moja baada ya jingine, kama mtu anayepiga hodi kwenye madirisha. Halafu akageukia wenzake.

"Mmesikia? Kijana. Katika kundi zima hili la wakongwe na magoti mabovu, mmoja tu bado anaona vizuri."

Wakacheka, na kicheko kile kilikuwa blanketi. Rotimi akamkumbatia Dagogo, akamwachia, akamsogelea Ibiso.

"Shemeji. Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu sasa."

"Nasi tukaambiwa mafua."

"Niliona aibu, shemeji."

"Aibu yako au yake?" Mficha maradhi kilio humfichua, na Ibiso alijua chake kilikuwa kimeshafika.

Nkoyo alipiga makofi mawili. Mbio za wazee zilikuwa karibu kuanza, timu tatu, na kila mmoja aende mahali pake. Akapita akigawa vipande vya utepe mweupe wa kunata. Ibiso alikuwa amefungua mdomo kusema kwamba mume wake atatazama tu, atakaa hapa kivulini. Hakusema. Alikuwa ameona kitu.

Kotekote uwanjani, kwenye kila kituo cha kupokea kijiti, wazee walikuwa wakitembea kwa namna moja. Mwanamke mwenye mvi zilizosukwa. Mwanamume mwenye fimbo kwapani. Rotimi mwenyewe, kule mbali. Kisigino mbele ya ncha, unyayo kwa unyayo, midomo ikihesabu bila sauti. Kisha kila mmoja akainama kwa shida, akabandika utepe chini, akaupigapiga kwa kiganja.

Ibiso alisogea hatua mbili mbele. Alihisi kama ameingia katika nchi ambayo kila mtu anazungumza lugha aliyodhani ni ya mgonjwa mmoja tu.

"Dada Nkoyo," alisema. "Wanafanya nini wale?"

"Wanapima alama. Anayepokea hatazami kijiti, akitazama atachelewa. Anapima nyayo kutoka anaposimama, anaweka alama, halafu anaiangalia hiyo alama tu. Mwenzake akiikanyaga, anachomoka. Hageuki tena. Mkono utafuata wenyewe."

"Akiikanyaga, anachomoka."

"Ndiyo hivyo. Hata kama anayeikanyaga ni kuku. Kwani Kona hajawahi kukuonyesha?"

Ibiso alikaa chini kwenye majani, na nguo yake nzuri. Dagogo alikuwa amemwonyesha kila siku kwa miezi minane. Na yeye aliibandua, akaitupa kwenye pipa. Na siku mbili alizopita pale na chai aliikanyaga, mzee akafanya lile alilofundishwa kufanya, na mbele yake kulikuwa na sinki.

"Nimekuwa nikizibandua," alisema. "Mungu wangu, Nkoyo, nimekuwa nikizibandua."

Nkoyo hakuelewa, lakini aliinama akamshika bega. Walipoinua macho, Dagogo hakuwa pale. Alikuwa amechukua utepe wake na kwenda mwenyewe hadi mwanzo wa kona, bila kuonyeshwa na mtu, na sasa alikuwa akipima. Hesabu ilipokamilika aliinama na kubandika. Osaretin, aliyekuwa akipita kwenda kuanza mbio, mtu mrefu mkavu asiyependa maneno mengi, alisimama akautazama utepe.

"Ngapi, Kona?"

"Ishirini na sita," Dagogo akajibu, kama jambo lisilo na mjadala.

Osaretin akavua kofia. "Ni ileile," alisema, akaenda zake akijifuta macho kwa kofia.

Nkoyo alimweleza Ibiso kilichobaki. Okwudili alifariki mwezi wa tatu. Desturi ya umoja ni kwamba kituo cha marehemu hakijazwi mwaka ule. Kijiti kikifika pale, kinalazwa chini kwenye mstari, uwanja mzima unanyamaza, mbio zinaishia hapo. "Wewe kasimame karibu na pale," alisema, "umpokee mzee akifika." Ibiso akakatiza uwanja kwa haraka, mkoba ukimpiga kiunoni, fomu ndani yake.

Vibao vya kuanzisha mbio viligongwa. Osaretin aliondoka kwa hatua ndefu za mtu anayevuka mto, akamfikishia Rotimi. Rotimi akaja na mstari ulionyooka, tumbo na goti vikigombana, timu nyingine mbili zikimpita na kumtania. Lakini Ibiso hakumtazama. Alimtazama mumewe, aliyeinama kwenye mwanzo wa kona, shingo imegeuka, macho kwenye utepe. Ilikuwa ni ileile sura ya koridoni. Kumbe haikuwa sura ya mtu aliyepotea. Ilikuwa sura ya mtu anayengoja mwenzake.

Kiatu cha Rotimi kikakanyaga utepe.

Dagogo akachomoka, na hakuna neno jingine la kusema hilo. Mzee wa miaka sabini na moja, ambaye asubuhi ile alishindwa kufunga kishikizo cha shati, aliondoka pale kana kwamba miaka arobaini na minane ilikuwa koti na amelivua. Hakutazama nyuma.

"Mkono!" Rotimi alipaza sauti.

Mkono wa kushoto ukarudi nyuma, kiganja wazi, ukatulia hewani kama rafu ukutani. Kijiti kikaingia. Uwanja wote ulishusha pumzi kwa pamoja, na baadaye kila mtu aliyekuwepo alisema ameona nywele zake mwenyewe zikisimama. Halafu Dagogo akaingia kona. Hakuwa na kasi. Hata mtoto angempita. Lakini alijilaza ndani ya ile kona kwa namna ambayo Ibiso hakuwahi kuona mwili ukikaa, bega la ndani limeshuka, uso umetulia, na yeye akasimama kando akiwa ameziba mdomo kwa viganja viwili. Alidhani alikuwa akimjua mtu huyu.

Ilipobaki hatua thelathini, uso ule uliotulia ukavurugika. Mbele ya Dagogo palikuwa wazi.

"Okwu!" aliita. "Okwu, kaa mahali pako! Okwu!"

"Kilaze chini, Kona," Nkoyo alipaza sauti kwa upole, kadiri alivyouweza. "Kwenye mstari, baba. Kilaze tu."

Dagogo alikibana kijiti kifuani. Mwendo ukaanza kukatika. Kumwambia mkimbiaji wa kupokezana alaze kijiti chini ni kumwambia mama amlaze mtoto barabarani, na yeye hakukumbuka msiba wowote ambao ungempa sababu. Alitazama kulia, kushoto, na ile hofu ya saa za jioni, ambayo Ibiso aliijua kuliko mtu yeyote, ikaanza kumpanda usoni.

Ibiso aliutupa mkoba. Akapandisha nguo hadi magotini, akaingia kwenye mstari, akasimama mahali pa Okwudili. Desturi imsamehe au isimsamehe, hilo la baadaye. Alimgeukia mumewe, mikono yote miwili mbele, kama anavyopokewa mtoto anayejifunza kutembea.

"Dagogo! Niko hapa! Njoo!"

Akamwona. Hakumtambua, hilo Ibiso aliliona wazi, na lilichoma kama kila siku. Lakini uso wake ulirudi mahali pake, na ukakasirika.

"Unatazama nini?" alifoka. "Tazama mbele! Nakuja!"

Miaka mitatu Ibiso alikuwa hafanyi kazi nyingine ila kumtazama. Alimtazama akila, akilala, akishuka ngazi. Alikuwa akimtafuta humo ndani yule mume wa zamani, na kila siku alimkosa, na kila siku alimlilia. Sasa akageuka. Akampa mgongo, akanyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, akatazama mbele kwenye mstari mrefu mweupe ambao haukuwa na mtu. Alisikia viatu. Alisikia pumzi. Ulikuwa muda mfupi sana, na ulimtisha kuliko siku ya harusi.

"Mkono!"

Kijiti kikamfika kiganjani, cha moto, chenye jasho. Hakikutikisika.

"Kimbia basi," sauti ya Dagogo ikasema nyuma yake, ikihema. "Unangoja basi la saa ngapi?"

Ibiso akakimbia. Alikimbia kwa viatu vya wazi na lemba lililofunguka, kicheko na machozi vikimtoka pamoja, na wazee wa kijani wakamsindikiza pande zote mbili wakipiga makofi hadi mwisho. Alipokata mstari alikilaza kijiti chini kwa mikono miwili, kwa ajili ya Okwudili. Uwanja ukanyamaza. Hakuna aliyesema desturi imevunjwa.

Jumapili usiku alimpigia Boma akamwambia kesho hawaendi. Hakuzichana zile fomu; alikuwa nesi miaka thelathini na alijua ugonjwa haujamwacha mumewe, na huenda siku ya kuzisaini ingefika. Lakini siyo kesho.

Jumatatu asubuhi aliikuta plasta kwenye zulia. Hakuigusa. Alimshika Dagogo mkono, akamtoa nje nyuma ya nyumba, kwenye njia ya saruji inayonyooka hadi uani, ambako hakuna sinki wala ukuta. Akampa plasta mpya. Mzee hakuuliza. Akahesabu, akabandika, akarudi mahali pake, akainama na kugeuza shingo.

Ibiso alikwenda mbali, akashika mwiko wa mbao aliotoka nao jikoni, akavuta pumzi. Akaja mbio. Akaikanyaga plasta kwa makusudi, kwa mguu mzima.

"Mkono!" aliita.

Na mkono ukarudi nyuma, kiganja wazi, ukatulia ukimngoja.