Mshenga wa Hezron

Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, ile nyumba ya Al-Naseem, Riyadh, ililala. Madam alilala, baba alilala, watoto walijifungia na simu zao, na Eucabeth akabaki jikoni na masufuria ya wali. Hapo ndipo alipochomeka waya sikioni, akaufunika kwa mtandio, akangoja Lydia apige.

Lydia alikuwa mshauri katika kliniki moja ya Kisumu. Aliwaunganisha watu wanane kwenye simu moja, wote wamevuka miaka hamsini, wote wanaishi na virusi vya ukimwi. Hakuna picha, na linalosemwa pale halitoki. Wazee hao walichoka kukalia mabenchi ya kliniki pamoja na vijana wa umri wa wajukuu wao. Kwenye simu walizungumza ya rika lao: magoti, presha, dawa zinazochafua tumbo, watoto waliowatengea vikombe. Tena walicheka sana. Watu hudhani wagonjwa wakikutana ni kulia tu.

Sita walikuwa Kenya. Wawili walikuwa Saudia: Eucabeth, na Hezron, mgane aliyekuwa karani wa kampuni ya mizigo huko bandarini Jeddah. Kila mmoja alipimwa nyumbani akiwa likizo, akarudi kazini kimya kimya, dawa zikiwa ndani ya chupa za vitamini. Walijua kwamba siku watakayojulikana ndiyo siku ya kupandishwa ndege. Kwa hiyo wenzao walipopaza sauti, hawa wawili walinong'ona.

Sasa, mtu akikunong'oneza sikioni mwaka mzima, huwezi kusema humjui. Eucabeth alijua Hezron akikohoa ni vumbi la bandarini na akinyamaza ni marehemu mkewe. Walipoomba kupeana namba, Lydia alisita, kisha akakubali.

"Mama Achieng," Hezron alimwambia Eucabeth siku moja, "contract yangu inaisha. Na kwa hii sheria mpya siombi tena ruhusa ya kafili, yule tajiri aliyenileta. Naenda nyumbani kupumzika. Twende pamoja."

"Wewe wa ofisi sheria imekufikia. Sisi wa majumbani, mafi, hakuna. Mpaka madam aseme yalla, nenda."

"Basi muombe. Ukinikubali, muombe."

"Nikubali mtu ambaye hata meno yake sijayaona?"

"Nitakuja uyaone. Yamebaki machache, kwa hivyo harakisha."

Eucabeth alicheka mpaka akaziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo. Mapenzi aliyahesabu kuwa halas, yamekwisha, tangu alipomzika mumewe. Alikuwa na furaha, na furaha ile ilimtia haya, mama mzima wa miaka hamsini na minane.

Wakapanga wakutane Al-Dirah, sokoni hapo Riyadh, nje ya duka la Mtanzania mmoja auzaye unga na majani ya chai. Eucabeth angevaa mtandio wa kijani. Madam mwenyewe ndiye aliyempeleka, maana tangu wanawake waruhusiwe kuendesha magari hakukosa sababu ya kutoka. Eucabeth alimwambia anakwenda kununua unga wa ugali.

Alifika mapema, akajibanza mbele ya duka la vikuku ng'ambo ya pili ili amwone Hezron kabla ya kuonekana. Akamwona: mrefu, ndevu nyeupe, suti ya kahawia katika joto lile. Alikuwa mzuri kuliko sauti yake. Ila hakuwa peke yake. Kando yake alisimama mwanamume mnene aliyekumbatia furushi, akimkagua kila mwanamke aliyepita.

"Ni huyu?" yule mnene aliuliza, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. "Ama ni yule pale wa kijani?"

Eucabeth alirudi nyuma. Amesema. Hezron amemwambia mtu. Na kwa mawazo yake kulikuwa na jambo moja tu la kusemwa kumhusu: virusi. Akaufunika uso, akageuka, akaenda haraka.

"Mama Achieng!" Hezron aliita. "Mama Achieng, ngoja!"

Hakugeuka. Alimpigia madam aje, akarudi nyumbani bila unga, akazima simu.

Hapa ndipo ninapomkasirikia Eucabeth, ingawa nampenda. Mwanamume wa miaka sitini, amevaa suti, amekuja na mwenzake aliyebeba furushi: kwetu hicho ni kitu gani? Hata mtoto angejibu. Hezron alilelewa akijua kwamba mwanamke haendewi mikono mitupu wala mtu hajisemei mwenyewe, awe anamposa binti au bibi. Alikuja na mshenga. Yeye Eucabeth mwenyewe aliolewa kwa mshenga. Lakini alikuwa ameishi na ile siri muda mrefu mno, hata akasahau kwamba watu wanaweza kumzungumzia kwa jambo jingine.

Ijumaa iliyofuata hakupokea simu ya kikundi. Ile ya pili akapokea, Hezron hayupo. "Mwenzetu mmoja amerudishwa nyumbani ghafla," Lydia alisema. "Zaidi ya hapo siruhusiwi." Eucabeth akaipiga namba ya Hezron mara nyingi. Ilikuwa imefungwa.

Jioni moja namba ngeni ikampigia.

"Mama, salama? Naitwa Wambua, tulikuwa kazi moja na Hezron; namba yako alinipa yeye tulipokuja Riyadh. Mimi ndiye mshenga wake wa siku ile."

"Mshenga?" Eucabeth akakaa juu ya gunia la mchele.

"Ndiyo. Nilikuwa nimekubebea leso za kujifunga kwenye lile furushi. Aliniambia mlijuana kwenye kikundi cha maombi cha simu, na si adabu aje peke yake."

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. "Bwana Wambua, nilikosea. Yuko wapi? Mwambie nime—"

"Ngoja, mama. Mimi ndiye naomba msamaha." Wambua alishusha sauti. "Ulipotuacha pale nilikasirika, nikasema huyu mama hana heshima. Hezron akanikataza. Akasema nisikulaumu, makosa ni yake. Kumbe ana ukimwi! Akasema alikuwa amekuficha, ukaambiwa na mtu ukiwa njiani, ndiyo maana umetoroka. Akasema wewe ni mzima kabisa, jina lako lisichafuliwe."

Eucabeth aliikandamiza simu sikioni.

"Mimi nikaogopa. Tumekula sahani moja na yeye! Nikamwambia supervisor. Wakampima, wakampeleka airport na nguo alizovaa." Wambua alishusha pumzi. "Nilikuwa nakutia shimoni, mama. Mungu amekuokoa na yule mtu."

Maneno yalikuwa pale mdomoni: hata mimi ninao. Kwa Lydia na wenzake alikuwa akiyasema bila kutetemeka. Kwenye ukumbi ndara za madam zilisikika zikija jikoni. Eucabeth alimtaka Hezron kuliko alivyowahi kumtaka mtu, na alijichukia, na ulimi haukunyanyuka.

"Mama? Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Si umshukuru Mungu?"

"Nashukuru," Eucabeth akasema.