Chupa Aliyoimwaga Mama

Binti alitolewa uvimbe kwenye kizazi kwa vitundu vitatu tu vya tumboni. Ubavuni wakamwachia mpira mwembamba ulioshuka mpaka kwenye chupa iliyoning'inia kitandani, ya kupokea damu na maji yaliyobaki ndani.

Mama yake, aliyekuwa akimuuguza, alishangaa habari ya bega.

"Mama, bega linaniuma kuliko tumbo."

"Wamekupasua tumbo, bega limeingiaje? Au walikuangusha?"

Nesi akacheka. "Hajaangushwa mtu, mama. Tulijaza hewa tumboni tupate kuona ndani. Iliyobaki ndiyo inayomchoma begani. Akitembeatembea itaisha."

Asubuhi ya pili mama akaambiwa wakwe wa binti wako njiani. Akaitazama ile chupa, nyekundu, iko peupe mbele ya macho ya watu. Aibu ikamshika. Akaifungua, akaimwaga chooni, akaisuuza ikang'aa, akairudisha. Moyoni akajua amesaidia.

Mara daktari akapita. Akainama kuitazama.

"Vizuri sana, hakiingii kitu tena. Leo tunachomoa mpira, unakwenda kwako."

Binti akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu alazwe. Mama akaitazama ile chupa aliyoisuuza. Akisema, ataonekana mjinga mbele ya wodi nzima. Akinyamaza, mpira utatoka, na damu ile itapita wapi?

"Daktari, chupa nimeimwaga mimi."

"Ilikuwa na kiasi gani?"

Akaonyesha kwa kidole. Ilipita nusu.

"Rangi?"

"Nyekundu kabisa, baba."

Daktari hakufoka. Akalibonyeza tumbo la binti polepole, akamgeukia nesi. "Mpira ubaki. Mpimeni presha kila saa."

"Mama nawe! Si ningeshaondoka!"

"Ninunie tu, mwanangu."

Basi wewe unayeuguza, chupa ile hupimwa. Usiiguse, hata aje nani. Na kama umeshaigusa, sema, uchekwe yaishe.

Maana kufika mchana chupa ilikuwa imepita nusu tena. Kumbe mshipa mmoja mdogo ulikuwa ukivuja. Wakamrudisha chumba cha upasuaji, wakaufunga kwa kupitia vitundu vilevile.

Siku ya nne chupa ilikuwa na maji membamba, kama vijiko viwili. Nesi alimwambia binti avute pumzi, na mpira ukateleza nje. Binti akauma meno, kisha akanyoosha mkono.

"Mama, niinue. Nataka kutembea mpaka dirishani."